Nilimkata Bibi Kwenye Picha, Sasa Amekuwa Vijumba

Mpendwa Mama Rebecca,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa studio mchana kweupe, kwa sababu kuna mteja mmoja ninayemkimbia, na si mtu mbaya, angekuwa mbaya ningekuwa nimeshazoea, ni mama mwema kuliko mimi na hilo ndilo linalonimaliza. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na studio ndogo ya picha hapa Kitengela, na kabla ya kununua kamera ya dijitali mwaka jana nilipiga picha kwa filamu kwa miaka tisa, za harusi, za ubatizo, za vitambulisho, na hakuna mtu aliyewahi kuniulizia picha yake mara mbili.

Mwezi wa nane nilipata kazi ya harusi Kajiado mjini, katika familia ya Kisomali ambayo baba anauza ng'ombe sokoni na mama ana duka la nguo. Mama huyo nitamwita Habibo, na binti yake aliyekuwa anaolewa nitamwita Najah. Habibo alinichagua mimi akawaacha wapiga picha wote wa Kajiado kwa sababu mimi ni mwanamke, maana sherehe yao ya akina mama hufanywa ndani, wanaume hawaingii, na mlango ukishafungwa wanavua buibui na kufungua nywele na kucheza mpaka nyumba inatikisika. Alinikalisha chini kwanza akanipa sharti moja, kwamba picha za siku hiyo mwanamume asiye wa familia asizione, si mume wangu, si fundi, si mtu yeyote, na kazi ikiisha nifute kila kitu mbele yake. Nilikubali, tena niliapa, kwa sababu niliona jinsi alivyonitazama, alikuwa ananiamini kabisa.

Harusi yenyewe ilikuwa tamu sijaona. Walipoanza buraanbur yao, ambapo mmoja anaimba mashairi na mwingine anaingia katikati kucheza, wakanivuta na kamera yangu shingoni, nikajaribu kurusha mabega kama wao, nikageukia upande ambao si wenyewe, wigi yangu ikachomoka ikarukia sinia ya halwa iliyokuwa karibu na mlango. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Naokota wigi, nainua macho, namwona mama yake Habibo, bibi Waris wa miaka themanini na kitu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa ukutani na uso wa chifu, anacheka mpaka macho yamefungika, mtandio ameutoa kwa sababu ya joto na nywele zake nyekundu za hina ziko nje, basi nikainua kamera nikapiga haraka nikiwa kule mbali mlangoni, watu kumi na sita kwenye picha moja na yeye pembeni kabisa.

Bibi huyo hajawahi kupigwa picha akiwa peke yake isipokuwa ile ya kitambulisho, anasema picha ya mtu mmoja ni ya serikali. Habibo alipofungua albamu hakuangalia hata biarusi. Alikwama kwenye kona ya hiyo picha, akalia kidogo, akajipangusa na ncha ya mtandio, akaniambia, "Dada, huyu nitolee peke yake. Mimi nataka mama yangu kubwa, ajae ukuta." Kwa sababu bibi anarudi Wajir Jumamosi ya tarehe ishirini na saba mwezi huu, baada ya Idd, na kwa jinsi magoti yanavyomuuma amesema huku hatarudi tena. Nikamwambia hakuna shida. Tukafuta kila kitu kwenye kadi ya kamera na kwenye kompyuta, yeye akiwa ameketi hapo kando yangu, tukaacha hiyo picha moja tu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Niliifungua, nikawakata wengine wote nikambakisha bibi, nikabonyeza sevu. Nikaona nimekata karibu mno, kidevu kimeguswa, nikajiambia si kitu, nitarudi kwa ile nzima nikate upya. Mama Rebecca, ile nzima haikuwepo, imebaki ile ndogo ya karatasi tu kwenye albamu ya Habibo, na humo uso wa bibi ni kama punje ya mahindi. Kwa filamu ukiharibu karatasi, negativu iko kwenye bahasha yake, unaosha nyingine, na kwa miaka tisa kichwa changu kimezoea kwamba picha ya kweli haiguswi, iko mahali imelala. Nilidhani kompyuta nayo ina bahasha. Basi nikaanza kurekebisha kile kilichobaki, nikaongeza mwanga nikasevu, nikakuza nikasevu, nikapunguza nikasevu, nikakata tena kidogo pembeni nikasevu, karibu mara kumi na mbili kwa wiki mbili, na kila nikiifungua naikuta mbaya kuliko jana. Nilipoiprinti kwa karatasi kubwa bibi alitoka vijumba vijumba kama vigae vya sakafuni, ukiwa mlangoni unaona mtu anacheka, ukisogea anapotea.

Habibo alipopiga simu mara ya kwanza nilimwambia mashine ya kuprinti imeharibika. Mara ya pili nikamwambia wino umeisha Nairobi nzima. Nairobi nzima, mama. Hakunigombeza. Sasa ni Ramadhani na kila Ijumaa jioni ananitumia mkebe wa sambusa kwa basi linalotoka Namanga, na ujumbe kwa simu kwamba pole sana na mashine, na watoto wangu wanazila wakimsifu, na mimi nazila pia kwa sababu ni tamu, halafu naenda kukaa peke yangu najichukia.

Hapa jirani kuna mwanamume mmoja, Githongo, mwenye saiba ya intaneti, ambaye anajua kompyuta kutushinda wote. Ameniambia, "Leta hiyo faili madam, nitaisafisha ikuwe mpya kabisa, hata hutaamini." Mume wangu anasema nimpe, eti bibi ni mzee, nani atashughulika na nywele zake, na nikiogopa sana basi nimchoree mtandio kwa kompyuta kwanza. Lakini mimi niliapa. Na tena nikishika kiapo changu nikamkosesha Habibo picha ya mama yake, bado nitakuwa nimemkosea, sijui ni lipi kubwa kuliko lingine.

Naomba uniambie, mama. Nimpe Githongo faili kwa siku moja tu, au nimwambie Habibo kwamba kamera ndiyo mbovu, au kuna njia ya kumtoa bibi kwenye vijumba ambayo mimi siijui? Nisaidie kabla ya hiyo Jumamosi kufika, kwa sababu nimechoka kujificha nyuma ya pazia la studio yangu mwenyewe.

Ni mimi Apondi,
Kitengela, 9 Oktoba 2007


MAMA REBECCA ANAJIBU

Apondi, majina yote tumeyabadilisha, hata lako, lakini usijidanganye. Wapiga picha wa kike wa Kitengela walioangusha wigi kwenye halwa ya watu si wengi. Kabla ya saa sita leo mji utakuwa umejua ni wewe, na huyo Habibo ana duka, na wenye maduka husoma gazeti wakingoja wateja. Tena barua yako ilikaa kwenye droo ya ofisi hii karibu wiki mbili. Kosa hilo ni letu na nimelichukua, ila maana yake ni kwamba hatuna muda wa kuzungushana.

Nakiri nimecheka. Nimecheka kwa wigi, nikacheka zaidi kwa wino ulioisha Nairobi nzima. Halafu nikafika kwenye sambusa nikaacha kucheka. Mwanamke amefunga, anakaanga chakula ambacho yeye mwenyewe hawezi kuonja mpaka jua lizame, anakitia kwenye basi kije kwa watoto wako, na wewe unamrudishia hadithi ya mashine. Aibu, dada. Picha uliikata vibaya kwa kutojua, na kutojua si dhambi. Lakini ulipodanganya ulikuwa unajua vizuri sana. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeshafika ukutani.

Githongo hapana. Usimpe leo, usimpe siku moja, usimpe hata ukimfunika bibi mablanketi matatu. Mume wako anauliza nani atashughulika na nywele za mzee. Mwenye nywele atashughulika. Alizifungua kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, na wewe ndiye uliyepewa ufunguo.

Na hata kama kiapo kisingekuwepo, Githongo hawezi. Nimemuuliza mpiga picha wa gazeti hili, bila kumwonyesha kitu na bila kumtajia mtu, akanieleza mpaka nikaelewa mimi ambaye rimoti ya televisheni hunishinda. Anasema picha ya dijitali imetengenezwa kwa nukta ndogo ndogo, na kila kamera ina nukta zake, hazizidi hapo. Siku ile watu kumi na sita waligawana nukta hizo, na bibi aliyekuwa pembeni kule mbali akapata fungu dogo kuliko wote. Ukimkata ukamkuza, nukta haziongezeki, zinapanuka tu, na zikipanuka ndio hivyo vijumba vyako. Donge la chapati moja unaweza kulisukuma mpaka uone meza kwa chini, lakini bado ni chapati moja. Halafu kila ulipobonyeza sevu, kompyuta iliibana ile picha ili isichukue nafasi, na katika kubana ikatupa vitu vidogo vidogo, na kilichotupwa hakirudi. Wewe umebana mara kumi na mbili. Githongo anaweza kukutengenezea uso laini kabisa, sikatai, lakini utakuwa uso wa kubahatisha, wa mtu ambaye hajawahi kumtia bibi Waris machoni. Habibo atakuwa ametundika mama wa nani ukutani?

Sasa ya kazi yako, ili mwaka ujao usiniandikie tena. Picha zikitoka kwenye kamera, kabla hujafanya lolote, ziweke kwenye CD na uandike juu yake kwa kalamu nene: USIGUSE. Hiyo ndiyo bahasha ya negativu uliyokuwa ukiitafuta, kompyuta haikutengenezei, unaitengeneza wewe. Kwa mteja kama Habibo ambaye hataki picha zibaki kwako, hiyo CD mpe yeye aifungie kabatini kwake, utakuwa umetimiza neno lako na picha nzima bado ipo. Ukitaka kukata, kata nakala, na ukisevu uipe jina jingine. Mwanga, rangi, kukata, yote fanya kwa kikao kimoja ndipo usevu mara moja, si leo kidogo na kesho kidogo. Usikate ukabana kidevu, acha nafasi kuzunguka kichwa kwa sababu fremu nayo inakula pembe zake. Na kabla ya kumwahidi mtu ukuta mzima, printi kipande cha uso tu kwa ukubwa huo, ukitundike, urudi nyuma ukitazame, kisha usogee karibu. Kikivunjika, mwambie mteja siku hiyo hiyo kwamba picha hii inatosha meza, haitoshi ukuta. Hatamla mtu.

Jambo jingine hukuliandika, lakini mpiga picha wetu yuko tayari kubishana na yeyote kwamba uliweka kamera kwenye ubora wa chini ili kadi ibebe picha nyingi. Anasema nyinyi mliotoka kwa filamu mna ugonjwa huo, mlizoea picha thelathini na sita kwa filamu moja, sasa mkiona nafasi ya mia mbili mnataka mia tatu. Kama ni kweli, ona haya kidogo, kisha peleka hiyo kamera kwenye ubora wake wa juu kabisa, uiache hapo, na ununue kadi ya pili.

Hicho kipande cha bibi ulichobaki nacho usikitupe. Kikiprintiwa kwa ukubwa wa kiganja na kuzungushiwa kadi nyeupe pana, mtu atakitazama na atamwona bibi, si vijumba. Kiweke kwenye fremu ya meza. Ni kitu kidogo, na umwambie Habibo kwamba ni kidogo.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, Apondi, nikitafuta mahali ulipoandika kwamba bibi Waris amefariki, na sikupaona. Bibi yuko hai. Yuko Kajiado, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapo ulipojifungia, anakunywa chai yake, na wewe umekaa na kompyuta mwezi mzima ukijaribu kumtafuta ndani ya faili. Hapo ndipo niliposimama nikatembea ofisini. Mnanichosha, watu wa mashine.

Najua utasema hataki kupigwa picha peke yake. Basi usimpige peke yake. Mwombe akae na Habibo, mtu na binti yake, mlango ukiwa umefungwa kama siku ile, mchana, karibu na dirisha ili usihitaji flashi. Habibo mwenyewe naona siku ya harusi ya binti yake alikuwa na kazi nyingi, sidhani kama albamu hiyo inamwonyesha amekaa. Simama hatua mbili kutoka kwao, si kule mlangoni. Bibi akijaa kwenye kamera, nukta zote ni zake, na siku Habibo atakapotaka abaki mmoja kwenye fremu utakata kidogo tu pembeni na uso utabaki mzima. Piga nyingi. Usifute hata moja mpaka CD iwe mkononi mwa Habibo. Na kuhusu kicheko, sijui unaogopa nini. Siku ile bibi hakumcheka biarusi, alikucheka wewe. Ukiingia tu pale mlangoni nusu ya kazi imekwisha.

Ila kamera isitoke kwenye mfuko kabla ya ukweli kutoka mdomoni. Mtu akishakukaribisha na chai imemiminwa, sema hivi: "Mama Najah, mashine haikuharibika. Picha ya mama niliiharibu mimi, halafu nikakudanganya mara mbili." Kisha unyamaze. Usimwingize Githongo hapo, usiingize kamera, usiseme habari za negativu, hizo ni za mimi na wewe. Atakasirika pengine, na ana haki, mpe nafasi akasirike mpaka aishe. Akimaliza, muulize yeye kwanza kama unaweza kumpiga mama yake tena, halafu umuulize bibi mwenyewe. Bibi akikataa katakata, funga mfuko wako, maliza chai, umshukuru, uso ni wake. Lakini sioni akikataa akiwa amekaa na mwanawe, na sioni Habibo akimfukuza mtu aliyemletea nafasi ya mwisho ya kitu anachokitaka kuliko kingine chochote. Na mikebe yake uirudishe, isiwe mitupu. Hilo hata mtoto wa Kitengela anajua.

Nitakuambia langu, kisha niache. Mama yangu aliondoka miaka sita iliyopita. Picha niliyo nayo ni ya kitambulisho, amekodoa macho kana kwamba ameambiwa asipumue. Wajukuu wangu wakiiona wanauliza kama alikuwa mkali. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ubavu, na nyumbani tulikuwa na kamera, iko hadi leo kwenye kabati, na kila mwaka tulikuwa tunasema tutampiga vizuri Krismasi. Naumia nikiandika haya.

Leo ni Jumatano. Gazeti hili hufika Kitengela alfajiri, na Kajiado hufika na basi la saa tatu. Lile linalolitangulia, la saa mbili, linapita hapo mbele ya studio yako. Chukua kamera upande hilo.

Mama Rebecca